Kibaigwa: Ujumbe wa simu si malipo

Kuanzia Juni hadi Septemba, mahindi ya Kongwa, Kiteto, Mpwapwa na Gairo yanapomiminika katika Soko la Kimataifa la Mazao la Kibaigwa, kitu kingine nacho humiminika katika mji huo ulio kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Ni ujumbe mfupi wa simu usemao: "Ile hela itume kwenye namba hii." Hauna salamu. Hauna jina la aliyeuandika wala la aliyeandikiwa. Mara nyingi humalizia kwa kutaja jina litakalotokea mtumaji akishabonyeza namba hiyo.

Watu wa mijini wameufanya ujumbe huo kuwa mzaha, na kila mwenye simu Tanzania amekwisha kuupata si mara moja. Kibaigwa wakati wa mavuno si mahali pa kuuchekea. Katika miezi hiyo karibu kila mtu sokoni ana "ile hela" yake. Dalali anadaiwa na mkulima, mkulima anadaiwa na mwenye trekta, mnunuzi anadaiwa na dereva, na dereva anadaiwa na makuli waliopakia. Biashara kubwa hufanywa kwa mali kauli: mzigo unaondoka leo, fedha zinakuja keshokutwa. Tapeli hamjui yeyote kati ya hao wala hana haja ya kuwajua. Anautuma ujumbe uleule kwa mamia ya namba kama mvuvi atupaye nyavu, naye hutosheka akimpata mmoja ambaye asubuhi hiyo aliahidi kutuma fedha mahali na alikuwa akingoja tu kuambiwa namba.

Lipo jambo moja katika ujumbe huo ambalo wengi hawalitilii maanani, nalo ndilo la ustadi kuliko yote. Kampuni za simu ziliweka utaratibu wa kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha malipo kwa namba yake ya siri. Ulikuwa utaratibu mzuri, wa kumlinda anayekosea tarakimu. Tapeli ameugeuza. Anapoandika mapema kwamba jina litakuja la fulani, na kweli likaja la fulani, mtumaji huona kama amethibitishiwa. Alichothibitishiwa ni kwamba tapeli anajua laini anayoitumia imesajiliwa kwa jina gani. Kama mkulima anayedai fedha zake anaitwa kwa jina moja na simu inaonyesha jina jingine kabisa, ujumbe hauwezi kulitibu hilo hata ueleze vipi. Dawa ni kumpigia mdai mwenyewe kwa namba iliyokuwamo simuni tangu zamani, na kuisikia sauti yake.

Hata hivyo, hasara ya ujumbe huo ni ndogo ikilinganishwa na ya ujumbe wa pili, ambao hauombi fedha. Huo hudai kwamba fedha zimekwisha kulipwa.

Chukua mfano wa mkulima wa Kiteto aliyeleta magunia 20. Bei ya mfano iwe shilingi 700 kwa kilo, kwa ajili ya hesabu tu, maana bei ya sokoni hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Magunia 20 ya kilo 100 ni kilo 2,000, yaani shilingi 1,400,000. Mnunuzi anakubali bei bila ubishi mwingi, jambo ambalo lenyewe lingetosha kumshtua mwenye mali. Mizani inapima, makuli wanapakia, dereva amewasha gari. Mnunuzi anabonyeza simu yake na mara simu ya mkulima inalia: umepokea shilingi 1,400,000, salio lako jipya ni kiasi fulani, na namba ndefu ya muamala. Maneno ni yaleyale ya kampuni. Tofauti ni moja tu: ujumbe umetoka kwa namba ya kawaida ya simu, ya tarakimu 10, badala ya kutoka kwa jina la huduma kama ujumbe wa kweli ujavyo. Juani, kwenye kioo cha simu kilichopasuka, na makelele ya makuli, nani ataitazama namba? Gari linaondoka. Jioni mkulima anakwenda kwa wakala kutoa fedha, na wakala anamwambia hana kitu.

Mfano huo ukipelekwa kwa dalali anayejaza semitrela, hesabu inakuwa nyingine. Tani 30 ni magunia 300, na kwa bei ileile ya mfano ni shilingi 21,000,000. Kiasi hicho kwa kawaida hupitia benki, na huko tapeli hatumii ujumbe. Huleta picha ya stakabadhi ya benki kwa njia ya WhatsApp, yenye mhuri na saini, inayoonyesha fedha zimewekwa. Picha ya stakabadhi hutengenezwa kwa dakika chache na kijana yeyote mwenye simu nzuri. Wafanyabiashara wa zamani wanaokumbuka hundi zisizo na fedha watauelewa mchezo huu haraka, kwa sababu ni uleule. Aliyepokea hundi hakuwa amelipwa hadi benki ilipoipitisha. Aliyepokea ujumbe naye hajalipwa.

Wapo wanaosema haya huwapata wakulima kwa sababu ya ujinga wao. Hoja hiyo ni ya kiburi, na pia si ya kweli. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliripoti kwamba katika mwaka 2023 pekee hasara ya utapeli wa barua pepe za kibiashara iliyofikishwa kwake ilikuwa dola bilioni 2.9. Waliolizwa huko walikuwa wahasibu, mawakili na mameneja wenye vyeti ukutani. Nchini, wafanyakazi wa ofisi za Dar es Salaam hupigwa changa la macho kila siku. Anayetapeliwa huwa ni mtu mwenye haraka, anayesubiri fedha, aliyezoea kufanya jambo lilelile kila siku bila kulitazama. Soko la mazao wakati wa mavuno limejaa watu wa namba hiyo, wasomi kwa wasiosoma.

Kwa hiyo kosa la kwanza lisitafutwe kichwani mwa mkulima. Litafutwe katika mazoea ya soko. Sokoni Kibaigwa, kama katika masoko mengi ya mazao nchini, si ajabu dalali kusema "nitumie kwa namba ya mdogo wangu, yangu imejaa," au mnunuzi kulipa kwa simu ya mwenzake kwa sababu yake imezima. Si ajabu mkulima asiye na simu kupokelea kwa jirani yake. Kila mmoja ana sababu yake ya kweli, na zote zikikusanywa zinajenga soko ambalo jina lisilolingana na mtu halimshtui yeyote. Tapeli hahitaji kuvunja mlango kama huo. Aliukuta wazi.

Wakongwe wa soko hili wanajua kwamba mazoea ya namna hiyo yanaweza kuondolewa, kwa sababu yaliwahi kupigwa vita mengine. Lumbesa ilikuwa desturi. Mnunuzi alishona kilemba juu ya gunia, akalipa bei ya gunia moja, akaondoka na gunia na kitu juu yake, na mkulima aliambiwa ndivyo biashara ilivyo. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na mizani ndiyo inayomaliza ubishi. Leo mfanyabiashara akimwambia mkulima wa Kibaigwa kwamba anaweza kulikadiria gunia kwa jicho, atachekwa. Lakini mkulima huyohuyo, aliyeikatalia macho ya mnunuzi kwenye uzito, anayakubali macho yake mwenyewe kwenye malipo. Anausoma ujumbe na kuuamini.

Mizani ya fedha ipo, tena bure au kwa gharama isiyofikia bei ya kilo moja ya mahindi. Ni kuangalia salio. Mwenye M-Pesa hupiga *150*00#, mwenye Airtel Money *150*60#, mwenye HaloPesa *150*88#, na mwenye Tigo Pesa, ambayo tangu 2024 inaitwa Mixx by Yas, hupiga *150*01#. Aangalie salio kabla mnunuzi hajalipa, aangalie tena baada ya kulipwa, na tofauti iwe ndiyo malipo. Ujumbe usomwe kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kwa fedha za benki, muuzaji aulize benki yake mwenyewe, kwa namba au kaunta anayoijua yeye, asiulize kwa namba iliyoandikwa kwenye stakabadhi aliyoletewa na mnunuzi. Gari lisiondoke hadi salio limesema.

Madalali watasema kwamba mtandao husumbua saa za mchana na foleni ya malori haisubiri. Ni kweli mtandao husumbua. Lakini saa ambayo mtandao umesumbua kiasi cha kushindwa kuonyesha salio, ndiyo saa ambayo ujumbe wa malipo ulioingia haraka haraka ungepaswa kutiliwa shaka zaidi. Na foleni ya malori ni ya mnunuzi. Mwenye mzigo ambao haujalipiwa hana foleni yoyote.

Kuna aina ya tatu ambayo huwaumiza hasa watu wema. Simu inaita, mtu analia: amekosea tarakimu moja, ametuma kwa namba hiyo fedha za hospitali, tafadhali zirudishwe. Ujumbe wa kuonyesha zimeingia tayari upo. Asiyeangalia salio hurudisha fedha ambazo hakupokea kamwe. Hata aliyeangalia na kuzikuta kweli zimeingia, asizitume yeye mwenyewe kwa namba atakayopewa na mpigaji. Aliyekosea kweli ana njia yake: kuripoti kwa kampuni yake ya simu, nayo huchunguza na kuurudisha muamala. Mpokeaji akiacha fedha zikae bila kuziguza hajamdhulumu mtu. Na ikiwa mpigaji anakataa kabisa kwenda kwa kampuni, hapo amekwisha kujitambulisha.

Vivyo hivyo kwa anayejiita mtumishi wa huduma kwa wateja, anayejua jina la mteja na pengine muamala wake wa mwisho, na anayetaka namba ya siri ili "kusahihisha usajili." Hakuna mtumishi wa kampuni ya simu wala wa benki anayehitaji namba ya siri ya mteja kwa kazi yoyote ile. Hapa hapana haja ya maneno mengi. Simu ikatwe.

Barua pepe ni habari ya wafanyabiashara wakubwa kidogo, wale wanaouza Nairobi, Kigali au Bujumbura, na ndiko fedha nyingi zaidi zinakoweza kupotea kwa mkupuo mmoja. Mnunuzi na muuzaji wameandikiana kwa wiki kadhaa. Bei imekubaliwa, ankara imetumwa. Siku moja kabla ya malipo inakuja barua fupi, kwa lugha ileile na saini ileile, ikisema akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi, kwa hiyo malipo yaende kwenye akaunti hii mpya. Tapeli alikwisha kuingia katika sanduku la barua la mmoja wao na alikuwa akisoma kimya kimya. Au amefungua anwani inayofanana, ambapo herufi m imewekwa r na n zikabanana, na jicho likapita. Barua ya kubadili akaunti ichukuliwe kuwa ya uongo hadi mtu apige simu kwa namba ya zamani na kuthibitisha. Hata kama inamuudhi mteja. Mteja wa kweli huudhika dakika tano.

Biashara ya nje imeongeza pia idadi ya karatasi, na kila karatasi ni mlango. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikaruhusu kwa masharti, yakiwamo ya usajili wa waagizaji na vyeti vya kuthibitisha usalama wa mahindi. Mfanyabiashara mdogo anayeanza kuuza nje hajui vizuri cheti gani hutolewa na nani na kwa ada gani. Huyo ndiye anayeandikiwa kwamba kampuni fulani ya nje inahitaji tani 500, bei nzuri kuliko ya Kibaigwa, ila kwanza alipe ada ndogo ya usajili wa wauzaji, halafu ada ya cheti, halafu ya bima. Ada zote ni ndogo ukilinganisha na faida iliyoahidiwa, na zote zinakwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ada ya serikali siku hizi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayetaka ada ya kibali itumwe kwenye simu yake hatafuti kutoa kibali.

Mchezo wa kutanguliza ada ni mkongwe. Katika miaka ya 1980 na 1990 ulikuja kwa posta na kwa faksi kutoka Nigeria, ukapewa jina la kifungu cha 419 cha sheria ya jinai ya nchi hiyo, na masanduku ya barua ya wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hayakusalimika. Mwaka 2009 Watanzania walikuwa na wao wa nyumbani, DECI, ambayo iliwaambia watu "wapande mbegu" kisha wangojee "kuvuna." Wakulima wa kweli, wanaojua kwamba mbegu inahitaji mvua, nao walipanda. Mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani. Kongwa yenyewe iliwahi kuona makadirio yakiaminiwa kuliko ardhi: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufungwa 1951, haukuwa utapeli, lakini karatasi za London zilisema karanga na udongo wa Kongwa ukasema vingine, na mamilioni ya pauni yakapotea.

Serikali haikukaa bure. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 iliweka msingi wa kusajili laini, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ikafuata 2015. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na ukomo wake ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imetenga namba 15040 ya kuripotia namba za matapeli, na kwa kupiga *106# mwananchi anaweza kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Mwaka 2024 ilizinduliwa kampeni ya Sitapeliki. Yote ni mema.

Lakini swali la sokoni halijajibiwa. Ikiwa kila laini ina alama ya kidole cha mtu, inakuwaje ujumbe uleule uendelee miaka yote hii? Jibu linajulikana kwa kila anayepita stendi: laini husajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Kijana au bibi huombwa aweke kidole mara ya pili kwa sababu "mashine haikusoma," na mara hiyo ya pili ndiyo iliyosajili laini ambayo hataiona maishani mwake. Ripoti za TCRA zimekuwa zikiitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli, na Morogoro ni jirani wa mlango wa Kibaigwa. Mikoa inayojulikana, kampuni zinazojulikana, mawakala wenye namba za utambulisho: mnyororo wote unaonekana. Kampuni za simu hukata ada ya kutuma na ya kutoa hata muamala ukiwa wa wizi, na si haki zitosheke kumwambia mteja awe mwangalifu. Kiasi cha chini kabisa, zingerudisha ada zake kwa kila muamala uliothibitika kuwa wa kitapeli. Zingejifunza haraka ni wakala gani anayewagharimu.

Wakati hayo yakisubiriwa Dar es Salaam, Kibaigwa ina chombo chake ambacho hakihitaji kibali cha mtu. Lori la mazao halitoki bila stakabadhi ya ushuru. Karatasi hiyo huandikwa kila siku ya soko. Iongezwe mstari mmoja: namba iliyolipwa, jina lililosajiliwa, na saini ya muuzaji kwamba ameliona salio lake. Mkulima asiye na simu atapewa nafasi ya kumtaja anayempokelea, mbele ya karani, kabla ya kupakia. Gharama ya uchapaji ni ileile. Watakaoupinga mstari huo wa kwanza kabisa watakuwa wale wanaopokea fedha za wakulima kwa laini zenye majina ya watu wengine, na ofisi ya soko itakuwa imepata pa kuanzia.